Mvueni Nguo Mgonjwa: Hotuba Kuhusu Utambuzi wa Homa za Riketsia na Jamaa Zake

Hotuba hii ilitolewa mbele ya madaktari, matabibu, wauguzi na wataalamu wa maabara. Inawekwa hapa kamili, bila picha zilizoonyeshwa ukutani, kwa ajili ya wenzetu ambao zamu ziliwazuia kufika.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu mliokaa safu ya mbele, madaktari, matabibu, wauguzi, na ndugu zangu wa maabara, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa kuzungumzia namna ya kutambua maambukizi ya riketsia na ya bakteria wa jamii yake. Nadhani waandaaji walitarajia nianze na vipimo. Naomba radhi, nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu kosa hilo lilinifundisha mengi kuliko kitabu chochote nilichosoma.

Miaka kadhaa iliyopita nilimlaza mwanamume wa makamo aliyekuwa na homa kwa siku tano. Kichwa kilimuuma kiasi kwamba kila taa ilipowashwa alifunika macho kwa kiganja. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa hasi, na darubini nayo haikuona kitu. Nikadhani ni homa ya matumbo, nikamwandikia seftriaksoni ya mshipa, nikatuma damu ikaoteshwe, nikasubiri. Siku ya pili joto lilikuwa nyuzi 39.6. Siku ya tatu halikushuka, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa zimepungua. Nikaongeza dawa nyingine ya jamii ileile. Asubuhi ya siku ya nne, muuguzi aliyekuwa akimwogesha kitandani aliniita akaniuliza kwa sauti ya chini: “Daktari, hiki umekiona?”

Katika mkunjo wa paja, pale ambapo ukingo wa nguo ya ndani hukaa, kulikuwa na kidonda kidogo kisichozidi upana wa kifutio cha penseli. Katikati kilikuwa na kigaga cheusi kilichokauka, pembeni duara jekundu, na juu yake mtoki umevimba. Hakikumuuma wala hakikumuwasha, na mwenyewe hakujua kama kipo. Mimi nilikuwa nimempima mgonjwa yule mara nne, na mara zote nne nilimpima akiwa amevaa suruali.

Antibiotiki ya doksisaiklini ilianza saa ileile. Kesho yake jioni homa ilikuwa imekwisha, na mgonjwa akaomba atolewe nje apunge upepo. Majibu ya damu iliyooteshwa yalirudi baadaye: hakuna kilichoota. Nawauliza, ndugu zangu, kwa nini hakikuota, ilhali bakteria walikuwemo?

Jibu liko katika maisha ya kiumbe mwenyewe. Riketsia ni bakteria anayeletwa na kupe, utitiri, chawa au viroboto, na asiyeweza kuishi nje ya seli hai. Ukimweka kwenye sahani ya maabara yenye virutubisho vyote, hafanyi lolote, kwa kuwa yeye anataka seli. Seli anayoipenda ni ile inayotandika mishipa midogo ya damu kwa ndani. Humo huingia, huzaliana, na kuiharibu, na mishipa ikishaharibika huanza kuvuja. Mkilishika jambo hilo moja, dalili zote zinajieleza zenyewe: kichwa kinauma vibaya, vipele vinatokea na baadaye huwa madoa ya damu chini ya ngozi, chembe sahani zinapungua, sodiamu inashuka, vimeng'enya vya ini vinapanda, na katika hali mbaya mapafu na ubongo hujaa maji. Ugonjwa huu ni ugonjwa wa mishipa ya damu uliovaa vazi la homa ya kawaida. Na kwa kuwa adui amejificha ndani ya seli, penisilini na jamaa zake zote, pamoja na ile seftriaksoni yangu ya siku nne, hazimgusi.

Je, homa hizi ni nadra, ni mambo ya vitabuni tu? Watafiti waliofanya kazi katika hospitali mbili za Moshi, kaskazini mwa Tanzania, waliwafuatilia wagonjwa wa homa waliolazwa kati ya mwaka 2007 na 2008, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2013. Wagonjwa walikuwa 870. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa asilimia 60.7, waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Narudia, asilimia 1.6. Miongoni mwa waliopimwa kikamilifu, asilimia 8.0 walikuwa na riketsia wa kundi la homa ya madoa, na asilimia 5.0 walikuwa na homa ya Q, jamaa nitakayemweleza mwishoni. Kwa hiyo pale wodini riketsia alikuwa amemzidi malaria mara kadhaa, na hakuna aliyekuwa akimtaja.

Sasa nije kwenye vipimo, na hapa ndipo ninapoomba masikio yenu yote. Kipimo tunachokitegemea zaidi ni cha kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya vimelea. Seramu ya mgonjwa, ule umajimaji wa damu bila chembe zake, huwekwa juu ya riketsia waliogandishwa kwenye kioo, kisha huangaliwa kwa darubini ya mwanga wa fluoresensi. Ni kipimo kizuri, lakini hakimwoni bakteria. Kinaona nyayo za mwili ulipopita ukimfukuza, na nyayo hizo huchelewa. Katika wiki ya kwanza ya homa wagonjwa wengi hawana kingamwili za kuonekana; huanza kujitokeza baada ya siku saba hadi kumi. Katika homa ya kupe ya Afrika, ile inayoletwa na *Rickettsia africae*, huchelewa zaidi, pengine hadi wiki ya nne, na dawa ikianza mapema huenda zisitokee kabisa. Basi daktari anayechukua damu siku ya nne, akapata majibu hasi, akaandika kwenye faili “riketsia imeondolewa”, ameondoa nini hasa? Hajaondoa kitu. Ameuliza swali kabla mwili haujaandaa jibu.

Majibu chanya nayo yana mitego yake. Katika maeneo yenye kupe wengi, sehemu ya watu wenye afya hubeba kingamwili za maambukizi waliyoyapata miaka iliyopita. Kingamwili za aina ya IgM, ambazo tumezoea kuziamini kuwa ishara ya ugonjwa mpya, katika homa hizi hudanganya mara nyingi. Ndiyo maana uthibitisho unadai sampuli mbili: ya kwanza mgonjwa anapofika, ya pili baada ya wiki mbili hadi nne, zote zipimwe pamoja katika maabara moja, na kiwango cha IgG, kingamwili za aina nyingine, kiwe kimepanda mara nne au zaidi, tuseme kutoka 1:64 hadi 1:256, yaani seramu iliyoonyesha kingamwili ikizimuliwa mara 64 sasa inazionyesha hata ikizimuliwa mara 256. Sampuli moja ni dokezo, sampuli mbili ni ushahidi.

Niwasimulie kisa kinachoonyesha jinsi kingamwili zinavyoweza kuchezewa. Mwaka 1916 Edmund Weil na Arthur Felix waligundua kwamba seramu ya mgonjwa wa tifasi (nasema tifasi, ugonjwa wa riketsia, ile ya chawa, wala si taifodi; majina haya yamewachanganya watu kwa miaka mingi) huwafanya bakteria wa Proteus aina ya OX19 washikamane mafungu mafungu. Proteus hana uhusiano wowote na tifasi. Ni kwamba tu sura ya nje ya bakteria hao wawili inafanana kidogo. Kipimo kikapewa majina yao, kikaenea dunia nzima. Katika Vita Kuu ya Pili, katika eneo la Rozwadów nchini Poland, madaktari wawili, Eugeniusz Łazowski na Stanisław Matulewicz, waliuona mwanya. Waliwadunga watu Proteus waliokufa, kisha damu ikapelekwa kwenye maabara za Wajerumani. Maabara zikasoma “tifasi”, na Wajerumani, walioiogopa tifasi kuliko risasi, wakalitangaza eneo hilo kuwa la mlipuko na kujitenga nalo. Hapakuwa na mgonjwa hata mmoja wa tifasi katika waliodungwa.

Mnaguna, lakini kipimo hichohicho cha Weil na Felix bado kinatumika mahali ambapo hakuna kingine. Simlaumu anayekitumia kwa kukosa chaguo. Ninachomwomba akumbuke ni kwamba waliwahi kuwapo madaktari waliolidanganya jeshi zima kwa kipimo hicho, na kwamba mgonjwa wake anaweza kudanganywa nacho bila mtu yeyote kukusudia: kinakosa wagonjwa wengi wa kweli, na kinawatuhumu wenye maambukizi ya mkojo yaliyoletwa na Proteus.

Mtaniuliza, na PCR je? PCR hutafuta vinasaba vya bakteria mwenyewe, haisubiri kingamwili. Ni kweli. Lakini kumbukeni riketsia anaishi wapi. Yumo ndani ya kuta za mishipa. Kwenye damu inayotembea ni wachache sana mpaka ugonjwa uwe mkali. Kwa hiyo PCR ya damu katika homa za madoa hukosa wagonjwa wengi, na ikiwa hasi haimwondolei mtu shaka. Mahali alipo kwa wingi ni kwenye kile kigaga.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa maana kigaga ndicho zawadi ambayo ugonjwa huu hutupa, nasi tunaiacha kitandani. Pale kupe au utitiri alipouma, bakteria huzaliana kwanza, ngozi hufa, na alama nyeusi hubaki. Katika homa ya kupe ya Afrika zinaweza kuwa mbili, tatu au zaidi, kwa sababu kupe wake huvamia kwa wingi, na mara nyingi ziko miguuni. Katika homa ya utitiri ya Asia, ambayo vimelea vyake huitwa *Orientia tsutsugamushi*, kigaga hupenda sehemu zilizofichika: kwapani, chini ya matiti, kitovuni, kinenani, kwenye mpasuo wa makalio, nyuma ya masikio. Katika homa ya madoa ya Milima ya Rocky, ile ya kupe wa Amerika, kwa upande mwingine, kwa kawaida hakionekani, na tifasi ya chawa au ya viroboto haina kabisa. Kwa hiyo kukikosa hakumaanishi mgonjwa amesalimika.

Kukipata, fanyeni hivi. Kigaga kikiwa kikavu, kiinueni taratibu ukingoni na mkichukue chenyewe, au msugue chini yake kwa pamba safi iliyoloweshwa maji ya chumvi tasa, mkizungusha kwa nguvu kiasi, si kupapasa. Wekeni kwenye kichupa kikavu na kisafi, mkipoze, mkipeleke. Msitumie dawa ya kuhifadhi tishu ya formalini kama mnataka PCR, kwani hiyo huharibu vinasaba. Na fanyeni hayo kabla ya dozi ya kwanza ya doksisaiklini au muda mfupi baadaye, kwa kuwa dawa hiyo hufukuza ushahidi upesi. Dawa yenyewe, hata hivyo, isisubiri pamba. Mkikosa pamba, mpeni dawa.

Vipele navyo vina hila yake. Vitabu vingi vinaonyesha madoa mekundu kwenye ngozi nyeupe, nasi tunakariri picha hizo. Kwenye ngozi nyeusi madoa yaleyale huweza kupita machoni. Msogezeeni mgonjwa taa ya pembeni, si ya juu. Angalieni viganja, nyayo, ndani ya mikono na utando wa macho. Pitisheni vidole juu ya ngozi, maana kipele mara nyingine huguswa kabla ya kuonekana. Tena vipele huchelewa siku mbili hadi nne baada ya homa kuanza, na wengine hawavipati kabisa.

Na swali la kupe? Wengi wetu tunauliza, “Umeumwa na kupe?” Mgonjwa anasema hapana, tunafunga mjadala. Lakini kupe mchanga ni mdogo kama kichwa cha pini na kuuma kwake hakuumi. Ulizeni mambo ambayo mgonjwa anaweza kuyajua: wiki mbili zilizopita ulilala wapi, ulipita kwenye nyasi ndefu, ulikamua au kuchinja, ulimsaidia mnyama kuzaa, kuna panya ndani ya nyumba, kuna watu mnaolala wengi mahali pamoja na nguo hazifuliwi? Swali hilo la mwisho si dogo. Mwaka 1997 nchini Burundi, katika kambi za watu waliokimbia vita, tifasi ya chawa iliwapata watu zaidi ya 40,000. Na mtu aliyewahi kuugua tifasi hiyo anaweza kuamka nayo tena miaka mingi baadaye, bila chawa hata mmoja, kwa sababu bakteria alibaki amelala mwilini.

Sasa suala la muda. Homa ya madoa ya Milima ya Rocky ndiyo kali kuliko zote. Kabla ya antibiotiki ilikuwa ikiua hata mmoja kati ya kila wagonjwa wanne au watano, na karibu nusu ya wanaokufa nayo hufa ndani ya siku nane tangu homa ianze. Wekeni siku hizo nane kando ya zile siku saba hadi kumi za kusubiri kingamwili. Mnaona? Kuna wagonjwa ambao kipimo chao kingekuwa chanya siku ya kuzikwa. Ndiyo maana dawa huanza kwa shaka ya daktari, wala haingojei majibu: doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa mtu mzima, na kwa mtoto mwenye uzito chini ya kilo 45, miligramu 2.2 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, mpaka homa iwe imeisha kwa angalau siku tatu.

Ndiyo, hata mtoto wa chini ya miaka minane. Najua mikono inavyosita. Sote tulifundishwa kwamba tetrasaiklini, jamii ya dawa ambamo doksisaiklini imo, huharibu rangi ya meno, na kwa dawa za zamani zilizotolewa mara kwa mara ilikuwa kweli. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 uliwachunguza watoto 58 waliowahi kupewa doksisaiklini wakiwa wadogo, ukalinganisha meno yao na ya watoto ambao hawakuinywa, na haukuona madoa. Mtoto aliyepona na meno yake ana nafasi ya kwenda kwa daktari wa meno.

Mgonjwa akipona ndani ya saa 48, tunafurahi, na kasi hiyo yenyewe inatuunga mkono. Lakini tahadhari: doksisaiklini hutibu pia leptospirosisi, ugonjwa mwingine wa bakteria, na mengine kadhaa, kwa hiyo kupona si utambuzi. Na kama saa 48 zimepita na homa bado inawaka, tafuteni ugonjwa mwingine, msing'ang'anie wazo lenu kama mimi nilivyong'ang'ania seftriaksoni.

Nipite haraka kwa jamaa wengine. Ehrlichia na Anaplasma huletwa pia na kupe, lakini wao hukaa ndani ya chembe nyeupe za damu. Hapa ndugu zangu wa maabara mna nafasi ambayo mashine haina. Mnapohesabu chembe kwenye kioo, mkiona ndani ya chembe nyeupe kijifungu cha nukta za zambarau kama tunda la mforsadi, msiseme ni uchafu wa rangi. Piga simu wodini. Mgonjwa huyo kwa kawaida chembe nyeupe na chembe sahani zimeshuka pamoja. Na kwa hawa PCR ya damu hufanya kazi vizuri, tofauti na riketsia, kwa sababu wao wako kwenye damu yenyewe.

Coxiella, anayeleta homa ya Q, zamani aliwekwa ukoo mmoja na riketsia, lakini vinasaba vimeonyesha kwamba ni undugu wa jina. Herufi Q ilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya swali, kwa kuwa Edward Derrick, aliyeieleza mwaka 1937 baada ya kuchunguza wafanyakazi wa machinjio huko Brisbane, hakujua ni nini. Yeye hahitaji kupe. Hupeperushwa na vumbi lenye mabaki ya kondo la nyuma la mbuzi, kondoo na ng'ombe. Uholanzi, kati ya 2007 na 2010, ilipata wagonjwa zaidi ya 4,000 kutokana na mifugo ya mbuzi. Kingamwili zake husomwa dhidi ya sura mbili za bakteria, ziitwazo awamu ya kwanza na ya pili: katika ugonjwa mpya awamu ya pili ndiyo hupanda, na awamu ya kwanza ikipanda juu sana na kukaa huko, huenda ugonjwa umekuwa sugu, chunguzeni vali za moyo. Mgonjwa mwenye ugonjwa wa vali, homa isiyoisha, na damu iliyooteshwa mara tatu bila kuota kitu, afikiriwe Coxiella, afikiriwe na bakteria mwingine, Bartonella. Na fomu iandikwe wazi “nashuku homa ya Q”, kwani bakteria wachache mno hutosha kumwambukiza mtu anayefungua kichupa hicho.

Tahadhari hiyo haikuanza jana. Howard Ricketts, aliyeonyesha katika bonde la Bitterroot huko Montana kwamba kupe ndiye mbebaji, alikufa mwaka 1910 mjini Mexico akichunguza tifasi, na tifasi ndiyo iliyomuua. Stanislaus von Prowazek alikufa kwa ugonjwa huohuo mwaka 1915. Mwenzake Henrique da Rocha Lima aliyeponea chupuchupu ndiye aliyeunganisha majina yao mawili akampa bakteria: *Rickettsia prowazekii*.

Mgonjwa wangu alirudi wiki ya tatu. Ilibidi apigiwe simu mara mbili, maana mtu aliyepona haoni sababu ya kutolewa damu, na hii ndiyo sababu sampuli ya pili hukosekana kila mahali. Mwandikieni tarehe mkononi kabla hajatoka wodini. Sampuli ya kwanza ilikuwa chini ya 1:64, ya pili 1:512. Kwenye faili, mbele ya maneno “dalili ya ugonjwa ilionwa na”, niliandika jina la muuguzi yule.

Ndugu Mwenyekiti, naishia hapo. Niko tayari kwa maswali, hasa kutoka kwa wenzetu wa maabara, ambao nimewasema sana leo na nawaona wamekwisha nyoosha mikono.